Kikombe Alichokisukuma Mdogo Wangu

Siku mdogo wangu aliposukuma kikombe cha yule mama, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilimwagika ikanilowesha gauni kuanzia kiunoni hadi magotini, mbele ya nyumba nzima iliyojaa watu. Ilikuwa sherehe ya kipaimara cha binti mkubwa wa mdogo wangu. Mchungaji alikuwa ameshakula na kuaga, wanaume wamelegeza tai, na kama kawaida ya Walutheri wa kwetu, vibuyu vilivyofichwa nyuma ya nyumba vilikuwa vimeanza kuingia ndani.

Kibuyu cha kwanza kilikuwa cha yule mama, jirani yetu. Amekuwa akileta rubisi kwenye sherehe za nyumba yetu tangu nipate akili. Alimimina kidogo, akanywa yeye kwanza mbele ya watu wote, akatulia kidogo, kisha akajaza kikombe akampelekea mwenye sherehe kwa mikono miwili. Mdogo wangu akakipiga kwa nyuma ya mkono, kama anayefukuza nzi.

"Mimi sinywi," akasema.

Yule mama alidhani ni tumbo lake linalomsumbua. "Basi mwanangu, nikuletee ile tamu isiyochachuka."

"Sinywi chochote kinachotoka kwako."

Alibaki amesimama, kikombe kimeinama mkononi. Halafu akashika ncha ya kitenge chake, akapiga magoti mbele yangu, akaanza kunifuta gauni. Mwanamke rika la mama yangu ananipigia magoti mimi! Nikamwinua. "Acha, mama, litakauka." Aliondoka bila kuaga, na kibuyu chake kikabaki pale mlangoni, watu wakikiruka kama nyoka aliyekufa.

Watu wa huku Nyakatuntu hawahitaji kuelezwa maana ya kuonja, lakini huenda msomaji ni wa kwingine. Kwetu anayekuletea kinywaji hunywa kwanza yeye. Tunaiita heshima, na ni heshima kweli, ila ukiichunguza utaona ni woga uliovalishwa nguo nzuri. Wazee wetu walijua kwamba watu wanaogopana, wakatafuta njia ya kuogopana bila kutukanana. Ukionja, hofu inaisha, watu wanakunywa, wanacheka. Nilikua nikiamini hivyo. Jioni ile nikamfuata mdogo wangu nyuma ya jiko nikamwuliza: amekunywa mbele yako, ulitaka afanye nini zaidi?

"Dada, wewe hujui," akaniambia kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. "Wenye sumu humeza dawa ya kujikinga kabla ya kuja kuonja. Ndiyo maana huonja haraka."

Kumbe yule mama angeonja polepole, mdogo wangu angesema anaogopa. Asingeonja kabisa angesema amejifichua. Hapo ndipo nilipoanza kuwaka, na sijapoa mpaka leo. Mtu akishaamua kukuogopa, hata ushahidi wako wa kujitetea anauchukua kuwa wa kukushtaki.

Nieleze sasa yule mama ni nani, kwa sababu hasira yangu haina maana bila hilo. Wazazi wake walitoka Rwanda wakiwa wamembeba mgongoni. Alikulia huku, akaolewa na mwanamume wa Kirundi aliyeanza kwa kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu mpaka akapata kibanja chake kilichopakana na chetu, migomba yao na yetu ikichanganyika majani. Watu waliwaita wote wawili Wanyarwanda kama wanavyomwita mtu mrefu au mfupi, hakukuwa na ubaya ndani yake. Au ulikuwepo umelala, sijui.

Mama yangu alipomzaa mdogo wangu, homa ya uzazi ilimshika akapelekwa hospitali akiwa hajitambui. Mtoto alibaki nyumbani analia. Bibi alijaribu maziwa ya ng'ombe, akayatapika yote. Yule jirani alikuwa ananyonyesha binti yake. Alikuja mwenyewe, bila kuitwa, akamchukua mtoto mikononi mwa bibi, akakaa kwenye mkeka, akatoa titi. Mimi nilikuwa msichana wa shule ya msingi na kazi yangu ikawa hiyo: asubuhi nambeba mdogo wangu napita kwenye migomba nampeleka, na jua likielekea kuzama namfuata. Nilimwona kwa macho yangu akimnyonyesha wa kwetu kwanza, wa kwake akisubiri huku analia. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Huyu mama yake hayupo asikie akilia."

Mama yangu alipona, lakini maziwa yalikuwa yamekauka. Mdogo wangu alinyonya kwa jirani mpaka alipotambaa. Na hicho ndicho kinywa kilichosema sinywi chochote kinachotoka kwako.

Ugonjwa wa mdogo wangu ulianza masika ya mwaka juzi. Alikuwa ameshinda kwa jirani akisaidia kuezua paa lililooza, wakanywa rubisi pamoja na wanaume wengine, akarudi nyumbani, na kesho yake akatapika damu. Nilitoka Murongo, mpakani ninakofanyia biashara, mbio nikampeleka hospitali mwenyewe. Daktari alimpima, akamwuliza kuhusu dawa anazotumia. Mdogo wangu ana mgongo mbovu tangu aanguke kwenye pikipiki, na kwa muda mrefu alikuwa akitafuna vidonge vya maumivu kama karanga, tumbo tupu, akivisindikiza na gongo kutoka ng'ambo ya mto, Uganda. Daktari akamweleza mbele yangu, kwa Kiswahili rahisi, kwamba tumbo limechubuka ndani na limefanya vidonda, aache vile vidonge na aache gongo. Akapewa dawa. Akaacha. Akapata nafuu. Mgongo ukamwuma, akarudia vidonge, damu ikarudi.

Safari hii hakuniita. Alikwenda kwa mhubiri mmoja aliyekuwa amepiga hema njiani, wale wanaokuja na spika kubwa na kuondoka kabla majani hayajaota walipolala. Mhubiri akamwuliza: kuna mwanamke jirani yenu, si wa ukoo wenu, ambaye amewahi kukulisha kwa mkono wake? Jamani! Kuna nani katika wilaya hii ambaye hajawahi kulishwa na jirani? Mwulize mtu yeyote swali hilo, atakuletea jina. Mdogo wangu akaleta.

Maneno yakaenea bila mtu kuyasema kwa sauti. Ndivyo yanavyoenda kwetu, hakuna anayekukabili. Wanawake waliokuwa wakimngoja kwenye njia ya kisimani wakaanza kutangulia. Watoto wakaambiwa wasiokote mapera yaliyoanguka upande wake. Kahawa ya kutafuna aliyokuwa akiwapa wageni, watu walipokea mkononi wakaitia mfukoni, "nitatafuna njiani." Na kwenye chama chetu cha kuzikana, ambako kila mwanamke hupangiwa cha kuleta msibani, huyu matoke, huyu maharage, huyu chumvi na mafuta, mwenyekiti alimwambia kwa upole mkubwa: "Wewe mama, umri umekwenda. Tutakuwa tunakuomba kuni tu."

Kuni! Walifikiri sana mpaka wakapata kitu ambacho hakiliwi. Naye alielewa, kwa sababu si mjinga, na alileta kuni. Kila msiba alifika na mzigo kichwani, mzee yule, akautua, akakaa pembeni huku wenzake wakimenya ndizi. Nilimkuta hivyo siku moja nikamwambia, mama, usikubali. Akasema, "Nisipoleta hizo watasema nimejitenga." Nilirudi Murongo nikiwa nimeuma meno mpaka taya linauma.

Pale Murongo nina kibanda, nauza vitenge na vyombo vya plastiki karibu na daraja. Nimepakana na mwanamke wa Uganda anayevusha ndizi za kuiva na sabuni. Jina lake kamili silijui, naye langu halijui. Lugha yake na ya kwetu zinashabihiana kama ndugu, tunaelewana tukichanganya na Kiswahili. Nikitaka kwenda nyumbani namwambia, "Angalia kibanda," naye anaburuta kiti chake kinakaa katikati ya bidhaa zangu na zake. Akivuka kwao ananiachia kila kitu, hata mjukuu wake aliyelala kwenye boksi. Tunakula sahani moja. Sijawahi kumwona akionja kwanza wala mimi sijawahi kungoja aonje.

Siku ile ya kuni nilimsimulia. Nilitaka anishangilie, aseme watu wenu ni washenzi. Alinisikiliza akipanga sabuni, kisha akacheka vibaya.

"Na kwetu yapo," akasema. "Sisi tunasema wenye sumu wanatoka kwenu. Mama mkwe wangu akijua nakula na wewe, hatalala."

"Sasa wewe mbona unakula?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Nimekuona kila siku. Mkwe wangu hajakuona."

Nililibeba jibu hilo siku nyingi, na lilinichoma badala ya kunituliza. Watu wa kwetu walimwona yule mama kila siku pia. Walimwona maisha yote. Kuona hakukuwasaidia kitu.

Kiangazi kilichofuata mume wa yule mama akafariki. Alikuwa mzee, kifua kilimsumbua, hakuna aliyeshangaa. Binti yao, yule aliyegawana titi na mdogo wangu, alinipigia simu asubuhi. "Dada, baba ametutoka. Njoo, tuko peke yetu." Sikuelewa maana ya maneno ya mwisho. Kwetu mtu akifa huwezi kuwa peke yako hata ukitaka. Nilimwachia mwenzangu kibanda, nikakodi bodaboda. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, mwenyeji wa ng'ambo anayefanyia kazi upande huu, namjua kwa sura tu.

Tulipofika niliona kwanza ambavyo havikuwepo. Turubai la chama halikuwepo. Mabenchi hayakuwepo. Moshi ulitoka kwenye jiko moja tu. Kwenye migomba, mtoto wake wa kiume aliyetoka Igurwa anakoishi, na shemeji yake, walikuwa wanachimba kaburi wawili peke yao, kwenye udongo mkavu mgumu kama tofali, na walikuwa wamefika magotini. Wanawake watatu walikuwa ndani na marehemu. Watatu, katika kijiji kile.

Sikuingia hata kutoa pole. Nilipita kwenye migomba moja kwa moja mpaka kwa mdogo wangu. Alikuwa uani anageuza kahawa kwenye mkeka, na wanaume wengine wa chama wamekaa kwenye ngazi wakiongea habari za bei. Mama yangu, ambaye anaishi kwake sasa, alikuwa kwenye kiti mlangoni.

"Jirani amekufa," nikasema.

"Tumesikia," akajibu, bila kuacha reki.

"Kaburi linachimbwa na watu wawili."

"Kila mtu ana uhuru wake, dada."

"Uhuru! Mgongo mbovu, sawa, usichimbe. Na hawa? Nao wana mgongo?" Nikamsogelea mdogo wangu. "Ulipokuwa huwezi hata kushika kichwa chako, nilikuwa nakubeba mimi kukupeleka kwa mama yule. Hukumwuliza ametoka nchi gani."

Akatupa reki chini. "Mimi ndiye ninayetapika damu, si wewe! Wewe unakuja hapa na nauli ya kurudi mfukoni. Unajua ninavyolala?"

Na nakiri kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli, niliiona machoni. Lakini hofu kuwa ya kweli haimfanyi mtu mwingine kuwa mchawi. Nikamgeukia mama yangu. "Mama, na wewe?"

Aliinamia fimbo yake. "Mwanangu, wewe una Murongo yako. Mimi nalala hapa."

Ndilo lililoniuma kuliko yote. Mdogo wangu alikuwa mgonjwa na mwoga. Mama yangu hakuwa anaogopa sumu hata kidogo. Alijua. Miezi yote ile alijua, na alinyamaza kwa sababu ya godoro na sahani ya mtoto wake.

Nilichukua jembe lililoegemea ukutani. Kwetu mwanamke hachimbi kaburi, na nilijua hivyo. Nilirudi, nikavua viatu, nikaingia shimoni. Mtoto wa marehemu akasogea. Nilichimba kwa hasira, vibaya, udongo ukinirukia usoni. Dereva wangu wa bodaboda, ambaye alikuwa anasubiri nimlipe aende zake, alisimama ukingoni akatutazama.

"Mama, toka humo," akasema. "Lete."

"Nenda, baba. Huu si msiba wako."

"Nimekuambia lete."

Alivua koti, akalikunja vizuri juu ya kiti cha pikipiki. Kabla ya kuanza kuchimba alipiga simu kwa wenzake wa kijiweni. Saa sita wakafika wengine, pikipiki zikisimama moja baada ya nyingine kwenye migomba, watu wa pande zote mbili za mto, kuna niliowajua na nisiowajua, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona marehemu akiwa hai. Mmoja aliniuliza ni nani anazikwa. Nikamwambia, jirani yangu. Akasema, "Poleni sana," akateremka shimoni.

Kaburi likaisha. Katekista wa kanisa la yule mama akaja na baiskeli. Na kengele ya baiskeli yake ilipolia, kijiji kikatoka kwenye migomba kama kilikuwa kinangoja hapo hapo. Wakaja, chama kizima, na mwenyekiti wao amevaa koti. Wakasimama mbali kidogo, wakaimba vizuri kabisa, wakatupa udongo. Nilitamani kuwafukuza mmoja mmoja. Mdogo wangu hakuwepo.

Baada ya maziko yule mama na binti yake walitoa chakula. Walikuwa wamepika wenyewe, matoke na maharage, sufuria moja kubwa, na wakaandaa sahani uani. Waliochimba wakapewa kwanza, ndivyo ilivyo, wakanawa, wakala kwa njaa. Wengine wote walisimama. Hakuna aliyesogea wala aliyeondoka. Kisha mwenyekiti akakohoa, akamwendea mjane kwa sauti ile ile ya upole aliyoitumia kumpa kazi ya kuni.

"Mama, pole sana. Ungeonja kidogo mbele ya watu, basi, ili wapate amani, wale."

Yule mama alikuwa ameshika upawa. Alimtazama mwenyekiti, halafu akatutazama sisi sote, taratibu, kama mtu anayetafuta uso anaoufahamu.

"Sionji," akasema.

"Mama, ni desturi tu."

"Naijua. Nimeonja tangu nikiwa msichana. Nimeonja kwenye harusi zenu na ubatizo wa watoto wenu. Leo nimemzika mume wangu. Anayekula ale. Anayeogopa, nyumba yake anaijua." Hakupaza sauti. Akampakulia dereva mwenye mvi kijiko cha pili.

Watu wakaanza kuondoka kwa aibu ya uongo, wakisingizia kwamba mbuzi wao hawajafungwa. Katikati ya wale waliokuwa wanatoka, mama yangu alikuwa anaingia, kwa fimbo, peke yake, amejifunga kanga kichwani. Alikwenda moja kwa moja kwa mjane. "Nipakulie," akasema. Akakaa chini kwenye majani ya mgomba, akala yote, akalamba vidole. Wanawake wawili waliokuwa wanaondoka wakarudi wakakaa karibu naye. Wengi walitokwa machozi kwa kuona vile, na baadaye walilisimulia kama jambo zuri. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiria mizigo yote ya kuni ambayo mama yangu aliitazama ikipita mbele ya mlango wake.

Yule mama hakumaliza hata kipindi cha maombolezo pale. Mtoto wake alikuja na gari dogo la mizigo, wakapakia vitanda, magunia na kuku, wakamhamishia Igurwa. Kibanja wamekiacha kwa shemeji, na magugu yamepanda mpaka dirishani. Sasa kijiji kimempata mwingine wa kumwogopa: mjane wa Kinyambo kabisa, kabila letu, ukoo wake umezikwa pale pale tangu mababu, ambaye kosa lake ni kuuza maandazi yaliyomfanya mtu aumwe tumbo. Hakuna Mnyarwanda wa kumsingizia tena, lakini ugonjwa haukuhama naye. Misibani watu wanakuja na chakula chao kwenye hotipoti. Kila mama anafunua cha kwake, anakula akiwa ameinamia, anafunga. Chama cha kuzikana kipo bado, turubai lipo, lakini ukikaa chini yake utadhani uko kituo cha basi.

Mdogo wangu anaendelea na tumbo lake. Amekubali kurudi hospitali, nadhani kwa sababu amechoka. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, akanisindikiza mpaka barabarani, na pikipiki ilipofika akanishika mkono.

"Dada, ukipita Igurwa umwambie yule mama nimesema pole."

Nilimwambia mimi si kinywa chake. Barabara ya Igurwa anaijua, bodaboda ni hizi hapa, akapande aende akaseme mwenyewe, na akifika, chochote atakachopewa akipokee. Akaachia mkono wangu, akasema atafikiria.

Wiki iliyopita nilimpigia yule mama kumjulia hali. Nikauliza kama amepata mgeni yeyote kutoka kwetu. Akasema hapana, na akaniomba nisimwulize tena.